Nilicheka ndani ya treni, mume wangu yuko kaburini

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 47, naishi Dar es Salaam. Mume wangu alifariki miezi minane iliyopita kwa kiharusi. Alikulia Kilosa, kandokando ya reli ya zamani, na tangu treni ya umeme ianze alikuwa akiniambia, "Mwezi ujao nakupeleka Dodoma." Hatukwenda. Juzi binti yangu alinikatia tiketi bila kuniuliza, nikapanda. Shangazi, nilifurahi kama mtoto. Tulipoingia kwenye mahandaki nilicheka kwa sauti. Kufika Dodoma nikanunua zabibu, nikakaa kwenye benchi, nikalia mpaka watu wakanizunguka. Wifi yangu alipoiona picha yangu ya safari akaniambia, "Kumbe kaka yetu umeshamsahau." Tangu hapo hata chai ikiwa tamu naona nafanya dhambi. Je, nimemkosea marehemu?*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nakupa na pole ya pili, ya lile neno la wifi yako, maana neno la namna ile hukwama kooni kama mwiba wa samaki.

Hapana, hujamkosea. Nakujibu mapema ili uyasome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Mimi nilifiwa na mume mwaka 2009, hapa Tanga. Baada ya kutoka eda, asubuhi moja nilipita Ngamiani nikamkuta mama anauza mbaazi za nazi na maandazi. Nikaketi kwenye ubao wake. Mbaazi zilikuwa zimeiva zikalainika, tui zito limezishika, maandazi ya moto yananukia iliki. Nikamaliza sahani, nikaomba nyingine, ndipo nilipogutuka kwamba muda wote ule sikumwaza marehemu hata mara moja. Mkono ukanilegea. Nikaacha andazi nusu, nikaondoka, na mwezi mzima sikupita tena njia ile. Leo naulilia mwezi ule. Hakuna aliyefaidika nao, si mimi, si yeye aliyelala chini.

Sasa turudi kwenye benchi lako la Dodoma. Wewe unadhani ulilia kwa sababu ulikosea kucheka. Hebu tazama ulilia wakati gani. Ndani ya treni hukulia. Ulilia ulipokwisha kushuka, zabibu ziko mkononi, safari imekwisha na habari imekamilika. Miaka yote ya ndoa yako, ukiona kitu barabarani ulikuwa unakibeba mpaka nyumbani kwake: bei ya nyanya, ugomvi wa daladala, mtoto wa jirani aliyeota meno. Siku hiyo ulikuwa na habari kubwa kuliko zote, tena ya treni aliyoitamani yeye, na wa kumpelekea hayupo. Machozi yale yalikuwa yanamtafuta. Mtu aliyemsahau mumewe angezila zile zabibu akanunua na nyingine.

Basi msimulie. Chukua daftari, au ukae kwenye mkeka wako baada ya swala ukishamwombea dua, umweleze safari yote. Mwambie mwanga unavyokatika ghafla mnapoingia handakini na unavyorudi. Mwambie Kilosa yake, aliyoizoea kwa mwendo wa treni ile ya zamani, siku hizi inapita dirishani kabla hujamaliza kuitazama. Usione haya. Mimi bado namweleza wangu bei ya samaki.

Kuhusu raha za kila siku, hizi za chai na jua la asubuhi, nataka uniamini kwa sababu nimezipitia. Kuzikataa hakupunguzi msiba hata kidogo. Kunachofanya ni kuifanya nyumba iwe na vitu viwili vilivyokufa badala ya kimoja. Tia tangawizi kwenye chai yako, tia na mdalasini kama ulikuwa unatia. Kuna siku itakuwa tamu na kuna siku utaiacha ipoe mezani. Zote ni siku za mfiwa. Ila ukiona wiki zinapita hulali, huli, au unatamani na wewe usiwepo, mwambie binti yako siku hiyohiyo akupeleke hospitali ukaonane na daktari.

Na wifi yako? Hapa nitakuomba moyo mpana. Wewe dini ilikupa miezi minne na siku kumi, muda wa mjane asiye na mimba. Watu walikujia, wakakupikia, wakakuona na nguo zako za eda wakajua huyu ana msiba. Yeye, dada wa marehemu, fungu lake lilikuwa siku tatu. Siku ya nne pengine alikuwa sokoni akipanga bidhaa zake, na hakuna aliyemwita mfiwa tena. Naye alimjua mtu huyu kabla yako, walichota maji pamoja, walichapwa pamoja. Alipoiona picha yako unacheka, nadhani alichokiona ni kwamba mwenye msiba mkubwa ameshainuka na yeye amebaki peke yake sakafuni. Neno lake lilikuwa baya na simtetei aliyelisema. Nasema tu kwamba lilitoka penye jeraha.

Kwa hiyo usimjibu kwa simu, na picha usiifute. Mwalike Jumapili, peke yake, bila watoto wala mashemeji. Mwambie apike yeye chakula walichokuwa wakila Kilosa walipokuwa wadogo, wewe uwe mmenyaji wa vitunguu. Mkishakula mwulize kaka yake alikuwa mtoto wa namna gani, kisha unyamaze umsikilize, hata akianza kulia. Kama una kanzu au kofia yake ambayo hujaitoa sadaka, mpe achague moja abaki nayo, mkikubaliana na watoto.

Habari ya safari usiianzishe siku hiyo. Iache mpaka auulize mwenyewe mwendo wa treni ile. Siku akiuliza, kata tiketi mbili, na kiti cha dirishani mwachie yeye, maana mkikaribia Kilosa atataka kuangalia nje.

Shangazi yako