Majani kati ya banda na kijito

"Mwanangu, hebu nusa haya maji." Jirani yangu, mama wa makamo anayeishi bondeni chini ya shamba langu, alikuwa ameshika ndoo aliyoteka kijitoni alfajiri. Nilinusa. Yalinuka banda langu.

Huku kwetu Rungwe, mkoani Mbeya, mvua huanza Novemba ikaendelea hadi Mei, na mashamba mengi yako kwenye miteremko. Ng'ombe mkubwa wa maziwa hutoa zaidi ya kilo 20 za samadi mbichi kwa siku, achilia mbali mkojo. Mimi ninao watatu, na samadi nilikuwa narundika nyuma ya banda. Rutuba inayonenepesha migomba ikiingia majini hunenepesha mwani. Mwani ukifa na kuoza, oksijeni huisha na samaki hukosa pumzi. Vijito vyetu vinaingia mto Kiwira, na Kiwira unaingia Ziwa Nyasa.

Nikapanda mabingobingo, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, mistari miwili chini ya banda ili yachuje maji. Msimu wa kwanza hayakusaidia kitu. Mabingobingo huota kwa mashina, na kati ya shina na shina udongo uko wazi. Maji yaliteremka yakiwa yamekusanyika kwenye kijia cha ng'ombe, yakapata mwanya, yakachimba mfereji wa upana wa kiganja. Nilisimama kwenye mvua nikayaona yakipita hapo, ya rangi ya kahawa, huku majani ya kushoto na kulia hayajaguswa na tope.

Majani huchuja maji yanayopita polepole na yaliyotandaa. Mwendo ukipungua udongo hutua, na fosforasi, moja ya rutuba za samadi, nyingi yake husafiri imeng'ang'ania punje za udongo, kwa hiyo nayo hubaki. Naitrojeni, rutuba nyingine ya samadi, ni kaidi zaidi: huyeyuka ikazama ardhini, na huko inategemea mizizi iidake.

Basi nikaanza upya. Nilipima kontua, yaani mstari wa usawa mmoja kwenye mteremko, kwa fremu A, kifaa cha miti mitatu chenye umbo la herufi A, nikachimba mtaro mfupi usioinama upande wowote, ili maji yajae kisha yafurike sawasawa urefu wote. Chini yake nikapanda majani ya setaria na ukoka vikashonana, upana wa hatua kumi. Bandani nikafunga gata, maji safi ya paa yakaenda kwenye tangi, na samadi ikahamia shimo lenye paa. Usiruke hatua hii, maana majani peke yake hayabebi mzigo wa banda zima.

Halafu kata. Wengi wanapanda wakasahau, na majani yakizeeka na kuoza pale pale rutuba inarudi majini. Mimi nakata kila baada ya wiki sita hivi, naacha kimo cha kiganja, ng'ombe wanakula. Wasiingie wenyewe, kwato hushindilia udongo. Tope likijaa mtaroni, lizoe ulirudishe kwenye migomba.

Na ukanda huu si ruhusa ya kujenga banda kando ya mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Mwezi uliopita mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilishuka mwenyewe na ndoo. Maji yalikuwa na tope bado, la mashamba ya juu, lakini hayakunuka. Mama yule akanusa, akanusa tena, kisha akaniomba miche ya setaria apande chini ya banda la mbuzi wake.