Ukienda Paro kuona Tshechu, usilale usiku wa mwisho

Mimi niliponzwa na usingizi. Nilikuwa Bhutan kwa ajili ya Tshechu, sikukuu ya Kibudha, siku kadhaa mfululizo nimekaa uwanjani Paro nikitazama watawa wakicheza kwa vinyago, na asubuhi ya mwisho nikajiambia hata nikifika saa moja si mbaya. Nilifika watawa wakikunja thongdrel.

Hiyo thongdrel ni kitambaa kikubwa cha kufunika ukuta mzima, chenye sura ya Guru Rinpoche, mwalimu wa karne ya 8 anayeenziwa kwa kueneza Ubudha huko Himalaya. Hutundikwa usiku wa manane na kuteremshwa kabla jua halijakipiga. Waumini husema kukiona tu kunaondoa dhambi. Nilichokiona mimi ni pindo, na bibi mmoja aliyelibandika kwenye paji la uso, macho kayafumba, hataki kuliachia. Basi toka hotelini saa tisa usiku. Vaa sweta mbili, maana Paro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Sikukuu hufuata mwezi, kwa kawaida Machi au Aprili, ila tarehe hutangazwa mapema, hakuna kungoja mwezi uandame. Weka akiba pia: mgeni mtu mzima hutozwa dola 100 kwa kila usiku, nje ya hoteli na chakula.

Ngoma ya hukumu ya wafu, Raksha Mangcham, ni ndefu na wageni wengi huondoka katikati. Wewe kaa. Shinje, bwana wa mauti, hupima matendo ya marehemu kwa mizani, na mwenye dhambi akiburutwa utasikia watoto wakinyamaza. Baadaye huja atsara, wachekeshaji wenye vinyago vyekundu na uume wa mbao mkononi. Hawana staha, na ndiyo kazi yao. Wakikutania, cheka, na usiingie uwanjani kupiga picha.

Jirani yangu jukwaani alinikaribisha doma. Kufungua: popoo, jani la tambuu, chokaa! Vitu vya sinia ya bibi yangu Mombasa, isipokuwa popoo yao huvundikwa mpaka inuke. Nilitafuna hivyo hivyo. Masikio yakawaka moto, jasho likanitoka, nikavua sweta ya pili.