Kodi ya Kampuni: Asilimia ya Nini?

SWALI: Ninasimamia klabu ya mdahalo shuleni kwetu. Tulipojadili kama kampuni kubwa hulipa kodi ya kutosha, mwanafunzi mmoja alisema kampuni za Marekani zilitozwa asilimia 35 ya faida, mzigo usiobebeka. Mpinzani wake akajibu kuwa thuluthi mbili ya kampuni hizo hazikulipa hata senti. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake ya ushahidi. Nimpe nani alama?
Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, nambari zote mbili ni za kweli, na ndiyo maana zinapotosha vizuri hivyo.

Asilimia 35 ndicho kiwango kilichoandikwa katika sheria ya Marekani hadi 2017. Tangu 2018 ni 21. Thuluthi mbili nayo imo katika ripoti ya 2016 ya GAO, ofisi inayokagua hesabu za serikali kwa niaba ya Bunge la nchi hiyo. Ilisema kwamba kila mwaka, kuanzia 2006 hadi 2012, angalau thuluthi mbili ya kampuni zote hazikudaiwa kodi ya mapato ya serikali kuu. Mpinzani aliishia hapo. Angesoma zaidi, angekuta kwamba mwaka 2012 kampuni kubwa ambazo hazikulipa zilikuwa asilimia 42.3. Na kati ya kampuni kubwa zilizoonyesha faida vitabuni, ni asilimia 19.5.

Basi swali la kumuuliza ni moja: kati ya zipi? Ukihesabu kila kampuni, umechanganya na iliyofunguliwa juzi na iliyokula hasara mwaka mzima, na kodi ya mapato haitozwi pasipo na faida. Mimi ile 19.5 ndiyo inayoniudhi. Karibu kampuni moja kubwa katika kila tano iliwaonyesha wenye hisa faida, na hazina ya serikali kuu haikupata kitu. Huyo mpinzani alikuwa na hoja nzito mkononi akaiacha, akashika nyepesi kwa sababu ina nambari kubwa. Mwenzake pia asisherehekee: ripoti hiyohiyo ilikuta kwamba kati ya 2008 na 2012, kampuni kubwa zenye faida zililipa serikali kuu wastani wa asilimia 14 hivi ya faida yao. Haikuwa 35.

Nimeweka vitabu vya wafanyabiashara hapa Kisumu kwa miaka mingi, na mchezo huu hauhitaji kwenda Marekani. Chukua kampuni ya hadiwea pale Kibuye iliyouza bidhaa za milioni 40. Saruji, mabati na misumari imeigharimu milioni 35. Mishahara, pango, stima na lori, milioni 4. Imebaki faida ya milioni 1, na kwa kiwango chetu cha asilimia 30 inalipa shilingi 300,000. Mwanasiasa akisimama Kondele anaweza kutangaza kwamba kampuni hiyo haikulipa hata asilimia moja ya pesa ilizopokea. Mwenye duka atalalamika kwamba amenyang'anywa karibu thuluthi ya jasho lake. Ni malipo yaleyale, risiti ileile. Mmoja amegawanya kwa mauzo, mwingine kwa faida, na umati hauambiwi.

Wafunze pia kuangalia miaka. Mwaka wa fedha wa 2017 Marekani ilikusanya takriban dola bilioni 297 za kodi hii. Kiwango kilipopunguzwa, 2018 zikashuka hadi bilioni 205 hivi. 2022 zikafika 425. Anayesifu punguzo hulinganisha 2017 na 2022, anayelipinga huishia 2018. Katikati hapo kulikuwa na korona, kisha mfumuko wa bei na faida kubwa za kampuni, na hakuna anayezitaja.

Huku kwetu, kiwango kilirudishwa kutoka asilimia 25 hadi 30 Januari 2021. Kuna atakayesema kimepanda kwa pointi tano, mwingine kwa asilimia 20, na wote wamepiga hesabu sawa.

Kwa hiyo, Mwalimu, usimpe alama yeyote kwa kutaja nambari tu. Mpe yule atakayesema, bila kuulizwa, imegawanywa kwa nini na ni ya mwaka gani.

SWALI: Nina duka la nguo, mauzo yangu ni kama milioni 6 kwa mwaka. Nasikia kampuni zinatozwa asilimia 30, mimi 3. Mbona naona naumia kuliko wao?
Mfanyabiashara, Nakuru

JIBU: Kwa sababu 3 yako ni ya mauzo, bila kuondoa gharama yoyote kwanza. Kwa milioni 6 unalipa 180,000. Kama faida yako ni 600,000, hiyo ni asilimia 30 kamili, sawa na kampuni. Kama ni 300,000, umelipa asilimia 60 ya faida. Una haki ya kumwandikia Kamishna wa kodi kwamba hutaki utaratibu wa kodi ya mauzo, ulipe kodi ya kawaida ya mapato. Lakini utahitaji vitabu vilivyonyooka, na risiti ya kila mzigo ulionunua. Anza kuzihifadhi kabla hujaandika barua.