Maswali ya Wasomaji: Serikali Ijue Nini Kukuhusu, na Nani Aikague?

Mengi ya maswali tuliyopokea kwa toleo hili yanahusu kamera, simu, takwimu na madaftari ya serikali. Tumeyafupisha. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Niko kwenye kamati inayopitia mpango wa kufunga kamera za kutambua sura. Mwuzaji anasema mtambo wake una usahihi wa asilimia 99.9. Sisi si mafundi. Tumuulize nini?

Muulizeni kwanza: asilimia hiyo ni ya nini? Mtambo wa namna hii hukosea kwa njia mbili. Unaweza kumpitisha anayetafutwa bila kumtambua, na unaweza kumfananisha mpita njia na mtu aliye kwenye orodha. Kila kosa lina kiwango chake, na fundi akilibana moja, la pili hupanda. Kwa hiyo daini viwango vyote viwili, vilivyopimwa kwa mpangilio uleule mtakaoutumia.

Kisha pigeni hesabu. Tuseme watu 100,000 hupita mbele ya kamera kwa siku, na 20 kati yao wanatafutwa kweli. Mtambo unawanasa 18, na kwa wengine wote unakosea mara 1 katika kila watu 1,000. Watakaopigiwa king'ora bila sababu ni kama 100. Jumla ya ving'ora ni 118, vya kweli 18. Maana yake askari akimsimamisha mtu kwa sababu tu kamera imesema, zaidi ya mara 8 katika 10 atakuwa amemsimamisha asiyehusika. Mwuzaji hakudanganya, ila namba yake haisemi lolote juu ya hilo.

Ulizeni pia mtambo ulipimwa kwa nyuso za kina nani. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha vipimo vyake Desemba 2019. Katika programu nyingi, watu wenye asili ya Afrika na Asia ya Mashariki walifananishwa kimakosa mara 10 hadi 100 zaidi ya Wazungu, kutegemea programu yenyewe. Katika hesabu yetu hapo juu, kosa likipanda mara 10 tu, ving'ora 100 vya bure vinakuwa 1,000 kwa siku. Hakuna kituo cha polisi kitakachovimudu, na kwa kawaida askari huanza kuvipuuza vyote, hata vile vya kweli.

Upande wa sheria, someni hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Uingereza ya Agosti 2020 dhidi ya polisi wa Wales Kusini. Mahakama haikupiga marufuku kamera. Iliona kwamba sheria iliwaachia polisi uhuru mno wa kujiamulia nani aingizwe kwenye orodha na kamera iwekwe wapi. Hayo mawili myaandike ninyi, kabla ya zabuni: kamera inakaa wapi, makosa gani yanamwingiza mtu kwenye orodha, nani anaidhinisha, na jina linatoka lini. Mkataba useme kwamba sura isiyolingana na yeyote inafutwa papo hapo, na kwamba mwuzaji haruhusiwi kubaki na picha "kwa ajili ya kuboresha huduma". Maneno hayo yakiwa kwenye mkataba, yakateni.

Jambo la mwisho: king'ora kiwe mwanzo wa uchunguzi, kisiwe ushahidi. Huko Detroit, Marekani, mtu asiye na hatia alikamatwa Januari 2020 mbele ya familia yake kwa sababu programu ilimfananisha na mwizi. Shauri lake lilimalizika mwaka 2024 kwa makubaliano kwamba polisi wa jiji hilo hawatamkamata mtu kwa matokeo ya programu peke yake.

Serikali ikichukua rekodi za simu bila kusikiliza mazungumzo, je, faragha yangu imeguswa?

Imeguswa sana. Rekodi moja huwa na namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa ya kuanza, muda, namba ya utambulisho wa kifaa na mnara uliobeba simu. Chukua mistari minne ya mtu mmoja: saa 2:10 asubuhi, maabara ya hospitali, dakika 3, saa 2:14, dada yake, dakika 41, saa 5:30, kitengo cha saratani, dakika 6, saa 8 mchana, wakili wa mirathi, dakika 15. Hakuna aliyesikiliza neno, na hakuna lililobaki kufichwa.

Tena mazungumzo yanahitaji mtu wa kuyasikiliza na kuyaelewa, lakini rekodi hupangwa na kompyuta kwa mamilioni bila kuchoka. Ndiyo maana mahakama zimeanza kukaza. Katika kesi ya Carpenter, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2018, polisi walikuwa wamepata alama 12,898 za mahali alipokuwa mshtakiwa katika siku 127, wastani wa zaidi ya 100 kwa siku. Mahakama ikaamua kwamba historia ya mienendo kama hiyo inahitaji kibali cha hakimu. Miaka minne kabla, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imebatilisha agizo la 2006 lililotaka kampuni zihifadhi rekodi za wateja wote kwa miezi 6 hadi 24. Lililoiudhi ni kukusanya za kila mtu, awe anashukiwa au la.

Ukitumia programu ya ujumbe uliofungwa kwa usimbaji, maneno yako yanafichika, lakini mnara bado unajua ulipo na kampuni ya simu inajua saa uliyokuwa mtandaoni. Kubadilisha laini na kubaki na simu ileile hakusaidii, maana namba ya kifaa haibadiliki.

Sina cha kuficha. Kwa nini nijisumbue?

Kwa sababu huamui wewe kitakachokuja kuhesabiwa kosa. Uholanzi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa na daftari la wakazi lililosifiwa kwa unadhifu, na dini ya mtu ilikuwa imeandikwa humo kwa nia njema ya kiutawala. Wanazi walipoivamia nchi mwaka 1940 walilikuta tayari, na likawarahisishia kuwasaka Wayahudi. Machi 1943 wapinzani wa utawala huo walivamia ofisi ya daftari la Amsterdam wakaitia moto, na kadi nyingi zikanusurika. Waliojaza kadi zile hawakuwa na cha kuficha.

Kwa nini kampuni za programu za ujumbe zisilazimishwe kuiachia serikali njia ya kuingilia, itumike kwa wahalifu tu na kwa kibali cha mahakama?

Kibali humfunga mwenye kufuata sheria. Njia yenyewe haijui anayeipita ni nani. Ugiriki, kuanzia 2004 hadi Machi 2005, watu ambao hawakujulikana waliuwasha kwa siri mfumo wa kudukua simu uliokuwa ndani ya mitambo ya kampuni moja ya simu, mfumo uliotengenezwa kwa matumizi halali ya polisi. Waliosikilizwa walizidi 100, waziri mkuu akiwemo. Mwaka 2024 Marekani nayo ilikiri kwamba wadukuzi waliohusishwa na China waliingia kwenye kampuni zake za simu na kunakili baadhi ya taarifa zilizokuwa zimeombwa na vyombo vya dola kwa amri za mahakama.

Hoja ya upande wa pili si ya kupuuzwa: wapo watoto wanaodhulumiwa na ushahidi umefungwa ndani ya simu. Lakini mpelelezi hakuachwa mikono mitupu. Anaweza kuomba kibali cha kukamata kifaa chenyewe, kupata nakala iliyohifadhiwa kwenye seva ikiwa haikusimbwa, kupata rekodi za mawasiliano, au kumtumia mmoja wa waliomo kwenye kundi. Kila njia kati ya hizo humlenga mtu mmoja na huacha karatasi nyuma yake. Mlango wa jumla hulegeza kufuli za wote, wakiwemo mahakimu na wapelelezi wenyewe.

Ofisi yetu inataka kuchapisha takwimu za wagonjwa ili watafiti na watunga sera wazitumie. Tumefuta majina na kugeuza namba za simu kuwa misimbo. Tumemaliza?

Bado. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa mambo matatu tu: tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Anzeni hapo. Tarehe ya kuzaliwa igeuzeni kundi la umri la miaka mitano au kumi, kijiji kiwe wilaya, tarehe ya kulazwa iwe mwezi.

Misimbo ya namba za simu ifuteni leo. Namba yenye tarakimu 9 zinazobadilika ina uwezekano bilioni 1 tu. Mtu akitumia kanuni ileile mliyoitumia, kompyuta ya kawaida itazipitia zote kwa dakika chache na kurudisha namba halisi. New York ilitoa rekodi za safari za teksi zaidi ya milioni 170 mwaka 2014, namba za magari zikiwa zimegeuzwa kwa njia hiyohiyo, na zikafumbuliwa ndani ya saa chache. Kama mnahitaji kumfuatilia mgonjwa mmoja katika rekodi kadhaa, mpeni namba iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na jedwali la kuoanisha likae kwa ofisi nyingine isiyo na takwimu.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni la hesabu ya kutoa. Mnaficha kila kisanduku chenye watu chini ya 5, vizuri. Lakini jedwali linasema jumla ni 40, wanaume wazima 17, wanawake wazima 20, na watoto "siri". Mtoto wa darasa la pili atawaambia ni 3. Ukificha kisanduku kimoja, ficha na kingine katika safu ileile, au kadiria jumla. Angalieni pia matoleo yanayofuatana: jumla ya Machi ukiitoa kwenye ya Aprili hubaki walioongezeka, na pengine ni mtu mmoja.

Kutochapisha kabisa si jibu. Sera ya afya bila takwimu ni kubahatisha, na maskini ndio hulipia. Takwimu nyeti zaidi watafiti wanaweza kuzisoma ndani ya chumba maalumu kwa mkataba, wakatoka na majedwali yaliyokaguliwa tu.

Wakati wa janga, je, haki ya faragha isiwekwe kando?

Inaweza kubanwa, kwa muda. Singapore iliwaambia wananchi mwaka 2020 kwamba programu yake ya TraceTogether ni ya kufuatilia maambukizi ya korona tu. Januari 2021 bunge likaambiwa kwamba polisi nao wangeweza kuzipata taarifa zake, na mwezi uliofuata ikabidi itungwe sheria ya kuwabana kwenye makundi saba ya makosa makubwa. Kanuni ya dharura inayofaa ina tarehe ya kufa iliyoandikwa ndani yake, inataja matumizi moja, na inamtaja atakayethibitisha kwa maandishi kwamba taarifa zimefutwa. Bora zaidi ni kutokukusanya: mfumo wa Apple na Google wa mwaka huohuo uliacha misimbo ya waliokaribiana ndani ya simu zao, kwa kama wiki mbili, bila ofisi yoyote kuwa na orodha.

Nataka kujua ofisi ya serikali ina taarifa gani zangu. Naanzia wapi?

Anza kwa kuangalia kama nchi yako ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Nchi nyingi sasa zinazo, na karibu zote hukupa haki ya kuona na kurekebisha. Andika barua kwa ofisa anayehusika na ulinzi wa taarifa, na usiombe "kila kitu". Ombi pana ndilo rahisi kukataliwa. Andika hivi: "Naomba nakala ya taarifa zangu zilizomo katika daftari la (taja) kuanzia (tarehe) hadi (tarehe), zilikotoka, ofisi zilizopewa, muda zitakaohifadhiwa, na orodha ya watumishi au ofisi zilizofungua jalada langu." Hicho kipengele cha mwisho wengi hukisahau, nacho ndicho hufichua mtumishi aliyechungulia kwa udadisi au kwa hongo. Estonia wananchi hujionea wenyewe kwenye tovuti ya serikali ni ofisi gani zimesoma taarifa zao.

Wakikutaka kitambulisho, ziba kwenye nakala yale yasiyohitajika, na uandike juu yake kwa wino: "Kwa ombi la taarifa, (ofisi), (tarehe) tu." Baki na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Muda wa kujibu hutofautiana. Katika Umoja wa Ulaya ni mwezi mmoja, unaoweza kuongezwa miwili. Wakikataa, waambie wataje kifungu. "Usalama wa taifa" bila kifungu hautoshi. Siku zikipita kimya, peleka malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa ukiambatisha ile nakala yenye muhuri, maana bila muhuri huo utaulizwa kama kweli uliomba.

Ukikuta kosa, andika barua ya pili ya kutaka marekebisho, na uzitaje ofisi zote zilizokwisha kupewa taarifa ile. Kosa likisahihishwa ofisi moja tu, nakala zake huendelea kuzunguka kwingine, na baada ya miezi hulirudisha lilelile kwenye jalada lililokuwa limesafishwa.