Deni la mahindi: polisi, LC au korti, haki yangu iko mlango gani?

SWALI: Wakili habari za kazi. Mimi ni mama nauza mahindi huku Busia, upande wa Uganda. Msimu uliopita nilimpa mteja magunia 40 kwa mkopo, ya shilingi 4,000,000, akanipa 600,000 tu, zingine mpaka leo ni kesho kesho. Nikaenda polisi, nikatoa pesa ya mafuta ya gari, wakamshika, akalala ndani usiku mmoja, asubuhi namkuta stejini anakunywa chai! LC (baraza la kijiji) nao wanasema hiyo pesa ni nyingi kuliko uwezo wao. Redioni kila siku nasikia haki ni ya wote, sasa hii yangu iko ofisi gani, na ni lazima nikodi wakili? Sina pesa ya wakili.

JIBU: Pole sana dada. Kabla sijakutuma ofisi yoyote nikuulize, unataka pesa yako irudi ama unataka huyu bwana afungwe? Watu wengi wanakuja kwangu na "wakili nataka haki", ukiuliza haki gani wanaanza na "anilipe", dakika mbili baadaye ishakuwa "aozee jela", na hapo ndo kesi nyingi zinapoharibikia, sababu hayo ni mambo mawili na kila moja lina mlango wake. Wewe unataka pesa lakini umegonga mlango wa jela.

Polisi kazi yao ni jinai. Kuchukua mali kwa mkopo halafu ukashindwa kulipa, hilo peke yake ni deni, sio kosa la kumfunga mtu. Ingekuwa tangu siku ya kwanza alikudanganya, mfano alikupa jina la uongo au cheki ya akaunti aliyojua imefungwa, hapo faili la kujipatia mali kwa udanganyifu linasimama. Na hata likisimama, kesi inakuwa ya serikali na wewe ni shahidi tu, akipigwa faini hiyo faini inaenda serikalini. Ni kweli hakimu anaweza kuamuru akufidie ila usijenge nyumba juu ya hilo. Kuhusu kutoka asubuhi, usiwalaumu kwa hilo, Katiba ibara ya 23 inasema mtu akishikwa apelekwe kortini ndani ya saa 48 la sivyo aachiwe, na bondi maana yake ni ahadi ya kurudi, haimaanishi ameshinda. Bondi ya polisi ni bure. Na ile ya mafuta hukupaswa kuitoa kabisa, banange, mafuta ya gari ya polisi sio deni lako.

LC nao wamekuambia ukweli, tena wapongeze maana wengine wangekula ada ya kesi wakanyamaza. Sheria ya korti za LC ya 2006 inawapa kesi za deni mpaka shilingi 2,000,000, yako ni 3,400,000. Najua kuna mtu atakushauri uigawe mbili ili kila kipande kitoshe, usifanye hivo, deni la biashara moja linadaiwa mara moja, ukidai nusu leo ile nusu nyingine unaweza kuipoteza. Ila mwenyekiti bado anaweza kuwakalisha chini kama wazee, sio kama korti, mkaandikiana ratiba ya kulipa mkasaini wote na mashahidi. Hiyo nayo ni haki, ibara ya 126 ya Katiba yetu ya 1995 inataja upatanisho pale pale pamoja na fidia ya kutosha na kesi kutocheleweshwa.

Mlango wako wewe ni korti ya mahakimu, utaratibu wa madai madogo. Kanuni zake ni za 2011 na zimetengenezwa hasa kwa watu kama wewe: deni, kodi ya nyumba, mali iliyochukuliwa bila kulipwa, mradi isizidi shilingi 10,000,000. Wakili haruhusiwi kusimamia mtu mle ndani, wewe wala huyo mdaiwa wako, kwa hiyo hilo la pesa ya wakili sahau (mimi nakosa ulaji hapa lakini ndo ukweli). Madai dhidi ya serikali, mambo ya familia na kuchafuliwa jina hayaingii huko.

Unaenda kwa karani wa korti ya eneo anakokaa mdaiwa au mlikofanyia biashara, unajaza notisi ya kumdai, unampelekea, anapewa siku 14. Wengi wanalipa hapo hapo, mtu akiona muhuri wa korti chai inamkaba. Asipolipa unarudi unafungua madai yenyewe, mnaitwa, hakimu anawauliza nyinyi wawili moja kwa moja. Korti inaandika kwa Kiingereza, ukitaka kuongea Kiswahili mwambie karani mapema apange mtu wa kutafsiri, usisubiri siku yenyewe.

Sasa ushahidi, hapa ndo nakaza sauti. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba wa zaidi ya shilingi 500,000 uwe kwa maandishi, na najua soko letu mambo ni kwa mdomo. Lakini maandishi sio lazima yawe karatasi ya wakili, hata meseji inahesabika. Fungua simu yako tafuta zile za "nivumilie mama, Ijumaa natuma milioni moja", hizo ni dhahabu, huyo amekiri kwa mkono wake mwenyewe. Usizifute, zipige picha zionyeshe namba na tarehe, uprinti. Daftari lako la magunia beba lenyewe lote, usichane ukurasa, ukurasa uliochanwa unaleta maswali. Ile 600,000 kama aliituma kwa simu chukua taarifa kwa kampuni ya simu, mtu halipi kitu asichodaiwa. Na dereva wa lori aliyeshusha mzigo muombe aje.

Hiyo ibara ya 126 inasema pia korti isimame kwenye haki yenyewe bila kubanwa sana na ufundi wa taratibu, inakusaidia fomu ikikosewa kidogo, ila usiitegemee ukienda mikono mitupu. Una miaka 6 ya kudai deni la mkataba lakini usikae, simu zinaibiwa na madereva wanahama.

Ukishinda hakimu anaweza kumpa alipe kwa awamu, na akikataa unaomba mali yake ikamatwe iuzwe, kwa hiyo anza sasa kujua ana nini, boda ni ya jina lake? duka ni lake au amepanga? Hukumu juu ya mtu asiye na kitu ni karatasi tu. Na akikuletea kidogo kidogo katikati ya zile siku 14 pokea, ila kila mara andika risiti inayosema amelipa ngapi na imebaki ngapi, asaini, na nakala moja ikae kwako.