Gego likimeguka usikimbilie kung'oa

Dada pole sana, hilo gego la chini ulilosema limemeguka pembe na tundu ni kubwa mpaka unataka ling'olewe tu, subiri kwanza jamani. Langu lilivunjika hivohivo, nlikua nakula makande Moshi nikauma kijiwe, kah! nkalisikia linalia kabisa. Madokta wa meno wakaniwekea onlei, yani kipande cha kufunika gego, mwaka wa tatu huu natafunia upande uleule.

Iko hivi, kuziba kwa kawaida dokta anajaza humohumo mdomoni, ila inlei na onlei ni kipande kinatengenezwa kwa vipimo vya jino lako, cha kauri au hata dhahabu, afu kinagandishwa. Inlei inakaa katikati ya vilele vya gego, onlei inafunika na vilele vyenyewe, kwa hiyo we ulomeguka pembe ulizia onlei, ila lazima upigwe eksirei kwanza waone mzizi ukoje. Mara nyingi unaenda mara mbili, siku ya kwanza ganzi, wanatoa palipooza, unang'ata ule uji mzito wa kuchukulia vipimo, wanakuzibia kwa muda, siku ya pili ndo wanagandisha kipande chenyewe. Hapo katikati bigijii usiguse, itaing'oa hiyo ya muda nakwambia, mi ilinitoka.

Bei imezidi kuziba kwa kawaida so uliza kabla hujakaa kwenye kiti. Na kama meno yako yana ule ukahawia wa maji yetu ya Arusha, waombe walinganishe rangi ya kipande na meno yako mchana, karibu na dirisha, taa inadanganya.