Faili moja linachelewesha kazi yote

SWALI: Kaka, hongera kwa safu hii. Programu yangu ya C++ naijenga kwa kikusanyaji (compiler) GCC, kwa -O3 (uboreshaji wa kasi ya programu) na -g (taarifa za kusakia hitilafu). Faili moja refu lililoandikwa na skripti linachukua muda mrefu kujengwa kuliko mengine yote. Nizime uboreshaji? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usizime, ndugu yangu! Kwa faili hilo tu, ongeza -ftime-report uone hatua ipi inakula muda. Ukikuta var-tracking (ufuatiliaji wa vigeu) iko juu, tatizo si uboreshaji: hiyo ni kazi ya kuandaa taarifa za kusakia hitilafu, inayoletwa na -g. Ina kikomo chake, max-vartrack-size. Fankshoni kubwa ikikivuka, GCC inatupa ilichofanya na kuanza upya kwa njia nyepesi, nawe umesubiri mara mbili. Weka -fno-var-tracking-assignments kwenye faili hilo. Utapoteza baadhi ya taarifa za vigeu ukisaka hitilafu, lakini kasi ya programu haipungui.

Kama mzigo uko kwenye hatua za uboreshaji wenyewe, lishushe faili hilo hadi viwango vya chini vya uboreshaji, -O2, hata -O1, mengine yabaki. Mimi singegusa vikomo vya --param (kama hicho max-vartrack-size) kabla ya hapo. Kisha ipime programu kwa data yako halisi.